Mwaka wa tatu Tanga, na bado naitwa mtu wa bara

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari. Nimezaliwa na kukulia Njombe, na huu ni mwaka wangu wa tatu tangu nipangiwe kituo hapa Tanga mjini. Ni Mlutheri. Nimejitahidi kuishi kama wenyeji: navaa kanga nikitoka, nimejifunza kupika wali wa nazi na samaki wa kupaka, na wakubwa wote nawaamkia. Hata hivyo mtaani naitwa "yule mwalimu wa bara", na shughuli zinapofanyika sijawahi kuitwa kusaidia jikoni. Likizo iliyopita nilikwenda nyumbani, mama akaniambia nimekuwa Mswahili, na hakusema kwa kunisifu. Naomba kujua: mtu huchukua muda gani kuzoea mila za watu wengine, na je, anaweza kuzifuata bila kupoteza zake? Wakati mwingine nafikiria kuomba uhamisho.

JIBU: Marahaba, mwanangu.

Nianze na suala la muda, kwa kuwa ndilo ulilolitanguliza, ingawa kwa maoni yangu ndilo lenye msaada mdogo kuliko mengine. Watafiti wamelishughulikia kwa miaka mingi. Mwaka 1955 Sverre Lysgaard wa Norwei alichapisha matokeo ya mahojiano aliyofanya na Wanorwei waliowahi kwenda Marekani kwa ufadhili wa masomo, na alichokiona ni kwamba waliokaa chini ya miezi 6 walisema wameishi vizuri, waliokaa kati ya miezi 6 na 18 ndio waliotaabika zaidi, na waliovuka miezi 18 walikuwa wamekwisha kutulia. Mwaka 1960 mwanaanthropolojia Kalervo Oberg akaieleza hali ya kutaabika kuwa ni aina ya mshtuko: mtu amepoteza ishara ndogondogo alizozizoea tangu utotoni, kama vile wakati gani ampe mwenzake mkono, mwaliko upi aukubali na upi aukatae, neno lipi lina uzito na lipi ni mzaha. Kwa kuwa hakuwahi kufundishwa ishara hizo kwa kutajiwa, hajui hata amepoteza nini. Anachojua ni kwamba amechoka na kila mtu anamkera.

Kwa hesabu ya Lysgaard, wewe ungekuwa umekwisha kufika zamani. Tatizo la hesabu hiyo ni kwamba Wanorwei wale walikwenda wakijua tarehe ya kurudi, tena wakiwa na heshima ya wageni waalikwa, jambo ambalo mwalimu aliyepangiwa kituo hana. Na hata kwa wanafunzi wa kigeni kanuni hiyo haikusimama vizuri, kwani mwanasaikolojia Colleen Ward na wenzake, waliowafuatilia tangu siku za kwanza za kuwasili, waliona dhiki kubwa kabisa ikiwa mwanzoni, wakati ambapo kwa maelezo ya zamani mtu alitakiwa kuwa anafurahia kila kitu. Katika kazi za Ward mimi nathamini zaidi jambo lingine, nalo ni kutenganisha utulivu wa moyo na uwezo wa kuendesha mambo ya kila siku katika jamii mpya. Uwezo huo hukua kadiri mtu anavyojifunza, kwa kasi mwanzoni kisha polepole, ilhali utulivu wa moyo hutegemea sana kama mtu ana watu wake. Mtu anaweza kujua kila kitu, kuanzia kukuna nazi hadi kuitikia salamu, na bado akalala na upweke. Ukisoma tena ulichoniandikia utaona kwamba ndicho ulichonieleza.

Mmarekani Milton Gordon, alipochambua maisha ya wahamiaji wa nchi yake mwaka 1964, aliligusa hilo kwa upande mwingine. Alisema kuchukua mavazi, lugha na adabu za wenyeji ni hatua moja, na kuingizwa katika makundi yao ya karibu, yaani urafiki wa nyumbani, vyama na ndoa, ni hatua nyingine kabisa, na kwamba watu wanaweza kukamilisha ya kwanza wakakaa vizazi viwili bila kuifikia ya pili. Tofauti yake ni kwamba hatua ya kwanza i mikononi mwa mgeni, wakati ya pili nusu yake i mikononi mwa wenyeji. Wewe umefanya yaliyo yako kwa bidii, ukangoja yale mengine yaje yenyewe kama tuzo. Kwa bahati mbaya hayaji hivyo, na hapa pwani yana njia zake ambazo hakuna aliyekuonyesha, kwa sababu sisi wenyeji wenyewe hatuzioni kuwa ni njia.

Kabla ya kuzieleza, ni vyema ujue kwamba hao wanaokuita mtu wa bara wengi wao ni wajukuu na vitukuu wa watu wa bara. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida, nayo 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai, ikapandwa Kikogwe, jirani na Pangani. Mwaka huohuo ujenzi wa reli ulianza hapa Tanga mjini. Mashamba yalipokua, yalihitaji mikono mingi kuliko Wabondei, Wadigo, Wazigua na Wasambaa waliyokuwa tayari kuitoa, kwani watu hao walikuwa na mashamba yao ya kulima. Waandikishaji wakaenda mbali: Kigoma, Songea, Njombe kwenu, na nje ya mipaka hadi Rwanda, Burundi na Msumbiji. Walioletwa wakaitwa manamba, na mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda chombo chao maalumu cha kuwaandikisha, kilichojulikana kama SILABU. Wabena, watu wa Njombe, walikuwamo kwa wingi. Ukienda Muheza, Korogwe au Pangani ukauliza kwa utulivu, utaonyeshwa familia zenye majina ya kwenu ambazo leo zinapika bada la muhogo na mchuzi wa ng'onda, na ambazo hakuna anayeziita ngeni.

Waliwezaje? Si kwa kuvaa leso. Waliobaki katika kambi za mashamba, wakioana na kuzikana wao kwa wao, waliendelea kuitwa kwa makabila yao kwa muda mrefu. Walioingia waliingia kupitia mambo yaliyowafunga na wenyeji kwa wajibu. Katika miji ya pwani, tangu enzi ya Wajerumani na hasa baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, palikuwa na ngoma ya beni na pande zake mbili zilizoshindana, Marini na Arinoti, na mtu wa bara aliyejiunga na upande mmoja hakupata ngoma peke yake, bali alipata michango ya kutoa, wagonjwa wa kuwatazama na maiti wa kuwazika, na yeye mwenyewe akapata wa kumzika. Kwa Wanyamwezi, waliofika pwani na misafara ya pembe tangu karne ya 19, utani ulifanya kazi hiyohiyo, kwa kuwa mtani ana ruhusa ya kukutukana na ana kazi za lazima msibani kwako. Wengine waliingia kwa ndoa. Shaaban Robert, ambaye Tanga nzima inajivunia, alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, nje kidogo ya mji huu, katika ukoo wenye asili ya Kiyao. Uyao wake haukufutwa wala haukufichwa, ila haukuwa tena sababu ya kumweka nje.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako la kwanza ni kwamba mila haizoeleki kwa miaka wala kwa kuiga. Mtu huingia katika mila za watu anapoanza kudaiwa nao na kuwadai. Nasema deni la kuhudhuria, la sahani, la kuuguliana, la siri na la kazi. Anayelipa kila kitu papo hapo ili asidaiwe na mtu, kwenu labda huitwa mwadilifu, lakini huku huonekana kama mpangaji anayejiandaa kuhama.

Chukua sahani ya futari. Ni Ramadhani, jua linakaribia kuzama, mtoto wa jirani anabisha hodi akiwa na sahani iliyofunikwa kawa, na ndani mna muhogo wa nazi au magimbi, tambi za sukari pembeni, na kaimati mbili tatu. Mtu wa kuja hupokea kwa furaha, huhamishia chakula kwenye chombo chake, huosha sahani haraka na kumrudishia mtoto akiwa bado amesimama mlangoni. Amefanya kwa nia njema kabisa, lakini amefunga hesabu. Kwa desturi ya majirani wengi wa huku sahani huachwa ilale kwako siku moja au mbili, kisha hurudi ikiwa na kitu, na kitu hicho hakitakiwi kulingana na kilicholetwa, kwa sababu kikilingana tumelipana na kikizidi sana umenitangazia utajiri. Sahani hiyo ikienda na kurudi mwaka mzima, si Ramadhani tu, watoto wa nyumba ile watakuja kukuazima chumvi bila kutumwa, na siku moja mama yao atakuita kwa jina la ubini wako au la mwanao, bila neno bara.

Hapa pana jambo ambalo hakuna jirani atakayekuambia, kwa hiyo nalisema mimi. Wapo watu ambao, kwa sababu za dini, husita kula kilichopikwa katika sufuria ambayo huenda imewahi kupikiwa nguruwe. Watapokea, watashukuru, watakusifia mapishi, na chakula hakitaliwa. Usikasirike, na usianze kujieleza kuhusu sufuria zako. Weka kwenye sahani kitu kisichopikwa: machungwa ya Muheza, mayai, sukari, mchele kilo moja. Au, na hili ndilo ningelipenda zaidi, weka viazi mviringo ulivyotumiwa kutoka Njombe, na umwambie mtoto aseme vimetoka shambani kwa mama yake mwalimu. Hapo utakuwa umefuata mila ya huku kwa mali ya kwenu, na habari za viazi vile zitazunguka mtaa mzima kabla ya isha.

Mlango wa pili, na kwa kweli ulio mpana kuliko wote, ni msiba. Msibani haalikwi mtu, na hilo ndilo linaloufanya ufae kwa mgeni. Ukisikia kilio au tangazo la msikitini, vaa gauni refu, jifunge leso moja na nyingine jitande kichwani, vua viatu mlangoni, ingia walipokaa wanawake, toa pole kwa sauti ya chini, kisha keti kwenye mkeka. Usiulize amekufa kwa ugonjwa gani. Usitazame saa. Utashangaa kwamba maiti aliyefariki asubuhi huzikwa alasiri, wakati kwenu huenda mngengoja ndugu wasafiri siku mbili, na utashangaa zaidi kwamba kwa kawaida wanawake hawaendi makaburini. Si lazima uyakubali moyoni, lakini usiyahoji siku ile. Wanaposoma dua wewe nyamaza na uinamishe kichwa. Hakuna atakayekutaka useme usichokiamini. La muhimu ni urudi kesho yake, hata kwa nusu saa ukitoka kazini, na urudi tena kwenye hitima. Aliyekuja siku ya maziko amefanya kama kila mtu. Aliyerudi siku ya tatu, wakati nyumba imeanza kupwaya, huyo hukumbukwa.

Sasa nije kwenye jiko la shughuli, ambalo naona limekuumiza kuliko yote. Nadhani umelielewa kinyume. Wanawake wanaokutana mkesha wa harusi kuchagua mchele, kumenya vitunguu saumu na kukuna nazi hawakupewa mwaliko kwa sababu wanapendwa zaidi. Wanalipa. Kila mmoja wao alikuniwa nazi na mwenye shughuli siku yake ilipofika, au alikuniwa mama yake. Wewe huna deni pale, kwa hiyo hakuna aliyefikiri kukuita. Na liko la pili linalohusu kazi yako. Kwa heshima ya mwalimu tulivyoizoea huku, ukifika utatengewa kiti cha plastiki na soda baridi, utasalimiwa na kila mtu, na utaondoka ukiwa umeheshimiwa sana na hujashika hata kisu. Heshima hiyo ni ya kweli, lakini inakuweka sebuleni.

Ukitaka kuivuka, tafuta mama mmoja mtu mzima wa mtaa wako ambaye mnaelewana, umwambie wazi kwamba ungependa kuongozana naye shughuli ijayo. Usimwendee mwenye shughuli mwenyewe. Nenda naye siku ya mkesha, si siku ya kula, ukiwa na leso ya kazini na kisu chako, na ukifika keti chini kabla hujaletewa kiti, uombe kazi. Utapewa vitunguu saumu. Menya vitunguu saumu. Safari nyingine utapewa mbuzi ya kukunia, na watacheka jinsi unavyoikalia, nawe ucheke nao. Masufuria makubwa na mwiko wa pilau usiviguse hata ukijua kupika kuliko wote, maana mamlaka ya jikoni ina ngazi zake na hao wenye mwiko wameufikia kwa miaka. Siku utakapokuwa na jambo lako, iwe kipaimara cha mtoto au kumuuguza mzazi aliyekuja kwako kutoka Njombe, ndipo utajua vitunguu vile vilikuwa akiba.

Mchezo wa fedha, yaani upatu, nao husaidia, mradi uwe wa kiasi kidogo na wa majirani, si wa walimu wenzako wa shuleni ambao nusu yao ni wageni kama wewe.

Kuhusu maneno nitakuwa mfupi. Usiige lafudhi ya Tanga. Mtu mzima anayeiga lafudhi huonekana anaigiza, na wenyeji wana sikio kali mno. Jifunze badala yake namna ya kusema jambo gumu kwa kuzunguka. Mwalimu wa kutoka nyanda za juu, akitaka kumweleza mzazi kwamba mtoto ni mtoro, humwambia mtoto wako ni mtoro, na kwake huo ni ukweli wenye adabu. Mzazi wa Tanga angependa kwanza aulizwe hali, kisha nyumba, kisha mtoto, kisha aambiwe kwamba mtoto yule ana akili nzuri na kwamba shuleni wamemkosa siku hizi. Ameelewa. Ukimtamkia neno utoro mbele ya watu umemvunjia heshima, na atakachokumbuka si utoro wa mwanawe bali ukali wa mwalimu wa bara. Wenzetu wengi kutoka bara huiona tabia hii kuwa ni unafiki. Mimi sikubaliani, ingawa nakiri kwamba wapo wanaoitumia kwa unafiki, kama ambavyo wapo wanaoutumia ukweli mtupu kwa ukatili.

Swali lako la pili, la kutopoteza mila zako, wataalamu wengi hulijibu kwa kutumia mpango wa John Berry, mwanasaikolojia wa Kanada. Yeye huuliza mambo mawili: je, mtu anataka kuhifadhi mila zake, na je, anataka kushirikiana na wenyeji? Kutokana na majibu anapata njia nne, yaani kuyeyuka ndani ya wenyeji, kujitenga nao, kushika pande zote mbili, na kukosa pande zote. Tafiti nyingi zilizofuata zinaona kwamba wanaoshika pande zote mbili kwa kawaida huwa na hali nzuri zaidi ya moyo na ya maisha. Naukubali mpango huo kwa jumla, ila ninavyoona watu wa hapa mjini, hakuna anayeishi ndani ya njia moja. Mhindi wa Tanga anayesema Kiswahili kisichomshinda Mdigo akiwa dukani, jioni hula chakula cha babu zake na kuoa ndani ya jumuiya yake. Mbondei Mkristo, kama sisi ambao mababu zetu walipokea dini kwa wamisheni wa Kianglikana wa UMCA wa Magila, karibu na Muheza, huvaa leso, hula futari kwa jirani, hukaa hitimani, na Jumapili yuko kanisani. Mtu huchagua jambo kwa jambo, na hakuna sababu uchague kwa jumla.

Mfano wetu Wabondei nimeutaja makusudi, kwa kuwa naona nyuma ya swali lako kuna hofu ya dini. Kubisha hodi na kungoja kuitikiwa, kula kwa mkono wa kulia katika sinia moja, kujitanda msibani, kutokula hadharani mchana wa Ramadhani, kupeleka sahani: hizo ni ada za watu, na Mlutheri anazishika bila kupungukiwa. Kuswali, kufunga kwa nia na kukaa eda ni ibada, na hizo ni za wenye dini yao. Maulidi unaweza kuhudhuria kama mgeni na kula kilichoandaliwa. Salamu ya Kiislamu ukisalimiwa, itikie, wengi wetu tunaitikia. Usichotakiwa kufanya ni kufunga ili majirani waone, kwa maana watajua, na wataona umeichezea ibada yao. Akitokea wa kukuhimiza usilimu, mjibu mara moja, kwa upole, kwamba una dini yako na unamwombea heri katika yake. Usimjibu kwa "inshallah" ya kuahirisha, kwa sababu atairudia kila mwezi akiamini mlango uko wazi. Kama siku moja utapata mchumba Mwislamu, hilo ni suala zito la peke yake, na uniandikie wakati huo.

Yapo pia ya huku ambayo binafsi singekushauri uyachukue. Kushona sare mpya kwa kila harusi hata kwa mkopo ni mazoea yaliyokuja juzi, yanafilisi walimu wengi, na hayana ubavu wa kuitwa mila. Ukichangia kwa kadiri yako na ukavaa leso safi, waungwana hawatakuhesabia.

Kwa mama yako sasa. Watafiti John na Jeanne Gullahorn walionyesha mwaka 1963 kwamba anayerudi kwao baada ya kukaa ugenini hupitia kuzoea kwa mara ya pili, na mara nyingi hushtuka zaidi, kwa kuwa safari hii hakujiandaa. Alidhani anarudi mahali anapopajua. Mzazi naye hupitia hivyohivyo. Sidhani kilichomkera mama ni kanga. Ninavyohisi, ulipofika ulimuuliza hali kwa mzunguko mrefu, ulipotaka jambo hukulitaja, na alipokuuliza swali la ndiyo au hapana ulimjibu tutaona. Kwake hiyo ni dalili ya mtoto anayeficha kitu. Likizo ijayo anza na kamwene ukiwa bado getini, zungumza Kibena tangu hapo hadi siku ya kuondoka hata kama dada zako wanajibu kwa Kiswahili, ingia shambani asubuhi ya kwanza bila kuambiwa, na akikuuliza kitu mjibu moja kwa moja. Wali wa nazi mpikie siku ya tatu au ya nne, akikuomba. Ikiwezekana mlete Tanga wiki mbili, wakati wa baridi ya kwenu, akae na yule mama mtu mzima niliyekutajia. Wazazi wengi humaliza wasiwasi wao wanapoona mtoto ana mtu mzima wa kumwangalia. Ugeni wa mavazi na mapishi huusahau haraka.

Na kwa majirani zako watakaosoma haya, maana Tanga ni ndogo na wamekwisha kukujua: miaka mitatu ni mingi kumwita mtu kwa alikotoka. Mji huu tumeupa sifa ya waja leo waondoka leo, na sifa hiyo isitufanye tumwangalie kila anayekuja kama mtu aliyekwisha kufunga mizigo. Nusu ile ya pili niliyoieleza hapo juu hawezi kuifanya peke yake.

Kuhusu uhamisho, nakushauri usiandike barua mwaka huu. Pitisha kwanza mwaka mmoja kamili kwa namna niliyokueleza, wenye Ramadhani yake, misiba yake na angalau shughuli moja uliyoianzia mkesha. Kumbuka pia kwamba aombaye uhamisho si lazima apelekwe kwao. Unaweza kujikuta Lindi au Kigoma, ukianza upya na watu wenye desturi nyingine. Ukimaliza mwaka huo na moyo bado haujatulia, omba bila kujiona umeshindwa, na katika barua utaje umbali wa wazazi na umri wao ikiwa ndiyo sababu yako halisi. Usiandike kwamba mazingira yamekushinda, kwa sababu mwajiri atauliza mazingira gani, nawe utalazimika kuwalaumu watu ambao hawajakukosea.